Machale ya Willy Gamba, Kusita kwa Rosa

Kiswahili cha mtaani kina neno ambalo darasani hatulipi uzito: machale. Mtu anaweza kusifiwa kuwa ana machale, lakini mambo yanapochemka sarufi hugeuka na tunasema machale yananicheza. Yenyewe ndiyo yanayocheza, mimi nachezwa. Na kila ninapolisikia neno hili, sikio langu huokota chale ndani yake, ile mikato midogo ya wembe ambayo mganga huipaka dawa ili mwenye mwili akingwe na asiyoyaona. Kama ni hivyo, basi machale ni kitu ulichotiwa. Hukukisomea.

Lina ukoo mkubwa neno hili. Moyo unasita, roho haitaki, nafsi inanituma, damu zetu haziendani, nanusa jambo. Karibu yote humweka msemaji pembeni, kiungo fulani kikazungumza kwa niaba yake. Halafu kuna wasiwasi, neno ambalo huja kuyazima hayo yote. Mwanamume akisema machale yanamcheza, kijiweni watu hunyamaza wamsikilize. Msichana akisema roho yake haitaki, huambiwa aache wasiwasi. Hisia ni ileile. Kinachobadilika ni nani ameisema.

Nimeanza na maneno kwa sababu tasnifu yangu ya umahiri inahusu riwaya za upelelezi, na kwa miezi kadhaa nimezisoma nyingi kuliko afya inavyoruhusu: nakala kuukuu, kurasa zimelegea, jalada limeshikwa na selotepu. Naishi Sokon I, ambako umeme ukikatika mapema unabaki na mambo mawili, kulala au kusoma kwa tochi ya simu. Nilichoanza kukifuatilia katika vitabu hivi si nani ameua. Ni hili: shujaa anajuaje? Anajua kabla hajaambiwa, na hakuna anayemuuliza alikojifunzia.

Willy Gamba ndiye mfano wa kwanza anayemjia mtu akilini. Aristablus Elvis Musiba alimleta kwetu mwaka 1974 katika Kufa na Kupona, akaendelea naye katika Kikosi cha Kisasi mwaka 1979 na vitabu vingine baada ya hapo. Tukumbuke zilikuwa nyakati gani. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake Dar es Salaam tangu 1963, wapigania uhuru wa Kusini walikuwa wakiishi kati yetu, na hofu ya majasusi wa makaburu haikuwa ya kubuni. Taifa lililo katika hali hiyo linahitaji kuamini kwamba yupo mtu mmoja, mahali fulani, ambaye atahisi hatari kabla haijavuka mpaka. Gamba ndiye mtu huyo. Machale yake yalikuwa, kwa namna fulani, mali ya umma.

Navipenda vitabu hivi na sina nia ya kuvidharau. Wapo wanaolitamka neno riwaya pendwa kama wanataja maradhi, nami si mmoja wao. Lakini katika jambo hili moja, riwaya ya kijasusi inatuchezea rafu. Shujaa anaingia chumbani, nywele zinamsimama, anaruka pembeni, risasi inapita. Msomaji anashusha pumzi. Kilichotokea kwa kweli ni kwamba mwandishi ameshafika ukurasa wa 150, na kutoka huko amempigia simu shujaa aliye ukurasa wa 40. Machale ya namna hiyo hayawezi kukosea kwa sababu yule anayeyacheza anaujua mwisho. Sisi tulio nje ya kitabu hatuna mtu wa kutupigia simu kutoka ukurasa wa 150.

Kwa Muhammed Said Abdulla mambo ni tofauti. Bwana Msa wake, mwenye kiko mdomoni na rafiki yake Najum ubavuni, alijitokeza katika Mzimu wa Watu wa Kale, hadithi iliyoshinda shindano la uandishi mwishoni mwa miaka ya 1950 na kutoka kitabu mwaka 1960. Maiti inakutwa penye mzimu, mahali ambapo watu tayari wana maelezo yao: wa kale wamekasirika. Bwana Msa hakubali. Anatazama, anauliza, anavuta kiko, anatazama tena. Akimaliza anamweleza Najum hatua kwa hatua, nasi tulio nyuma ya Najum tunaona aibu kidogo, kwa sababu vitu vyote alivyoviona tulipita mbele yake tukiviona pia.

Wahakiki wamesema mara nyingi kwamba Bwana Msa ni binamu wa Sherlock Holmes, na ni kweli. Kinachotajwa kwa nadra ni jambo ambalo Holmes mwenyewe anamwambia Watson katika kitabu cha kwanza, cha 1887, anapoeleza alivyotambua kwamba rafiki yake mpya ametoka Afghanistan. Anasema kwamba, kwa mazoea ya muda mrefu, mawazo yalimkimbia kichwani hata akafika kwenye jibu bila kuzihisi hatua za katikati. Hatua zilikuwapo, ila alizirudia baadaye ili Watson aelewe. Yaani jibu lilitangulia, na maelezo yakafuata kama konda anayekimbilia daladala iliyokwisha kuondoka. Ukimsoma Bwana Msa kwa jicho hilo, yale mazungumzo marefu ya mwishoni hayaonyeshi alivyojua. Yanaonyesha kwamba alichokijua kinaweza kukaguliwa. Nadhani hapo ndipo anapomzidi Gamba. Wote wawili wanahisi mapema, lakini Msa yuko tayari kufungua mkoba wake na kukuonyesha kilichomo. Na mwaka 1984 Abdulla akatoa kitabu kingine akakiita Kosa la Bwana Msa. Jaribu kufikiria jalada lenye maneno Kosa la Willy Gamba. Mimi siwezi.

Nje ya riwaya, kuna watu waliotumia maisha yao kulichunguza jambo hili. Gary Klein, mwanasaikolojia wa Marekani, katika kitabu alichokitoa 1998 anasimulia kisa cha kiongozi wa kikosi cha zimamoto kilichoingia kwenye nyumba iliyokuwa ikiungua jikoni. Wakamwaga maji, moto haukutii. Sebule ilikuwa na joto kupita moto wenyewe ulivyoonekana, na kulikuwa kimya kuliko inavyopasa. Bila kujua kwa nini, akaamuru watu wake watoke. Mara sakafu ikaporomoka. Moto mkubwa ulikuwa chini yao, katika chumba cha chini ya ardhi ambacho hawakujua kama kipo. Yule bwana aliamini kwamba ana kipaji kisicho cha kawaida. Klein alipomhoji kwa utulivu, vipande vikajitokeza kimoja kimoja: joto, ukimya, maji yasiyofanya kazi. Mwili wake ulikuwa umeona mioto mingi, na huu haukufanana na ile. Herbert Simon, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi, alikwisha kusema kwamba jambo tunaloliita machale si zaidi ya kutambua: hali ya sasa inagusa kitu kilichohifadhiwa kichwani, na hicho kilichohifadhiwa ndicho kinacholeta jibu.

Mama anayeuza parachichi kwenye njia ya kwenda kwangu analijua hili bila Nobel. Hubonyeza tunda mara moja kwa kidole gumba, akasema, "Hili la kesho, mwanangu. Lile Jumapili." Ukimuuliza amejuaje atacheka. Lakini mkosee swali, muulize amewahi kukosea, atakuhesabia: wateja waliorudi asubuhi na tunda jeusi ndani, waliotaka hela yao, waliohamia kwa jirani. Kidole kile kimesomeshwa na malalamiko.

Mwaka 2009 Klein aliandika makala pamoja na Daniel Kahneman, mtu aliyekuwa upande wa pili wa mjadala, aliyejenga jina kwa kuonyesha jinsi hisia zetu za haraka zinavyotudanganya. Walitarajia kugongana. Walipofikia makubaliano, yalikuwa mafupi: hisia ya ndani inastahili kuaminiwa pale ambapo mazingira yana utaratibu unaojirudia, na mhusika amepata muda wa kutosha wa kujaribu na kupewa majibu. Wakaongeza jambo linalouma zaidi, kwamba ule uhakika mtu anaousikia kifuani si kipimo cha kuwa sahihi.

Nikiwa na hayo kichwani ndipo nilipokirudia kitabu ambacho hakimo kwenye orodha ya tasnifu yangu, wala hakina mpelelezi: Rosa Mistika.

Euphrase Kezilahabi aliitoa riwaya hii mwaka 1971. Kwa kipindi fulani ilipigwa marufuku shuleni, kisha ikaingia darasani, na wengi wetu tuliisomea mtihani. Kwa hiyo unajua kisa. Rosa, binti mkubwa wa Zakaria na Regina, kijijini Namagondo, Ukerewe. Baba mlevi na mkali. Barua ya mvulana, Charles, inaangukia mikononi mwa Zakaria, na Rosa anapigwa kipigo ambacho msomaji hakisahau. Anakwenda shule ya bweni, anamwogopa kila mwanamume, anachekwa na wenzake. Kisha Deogratias. Kisha mengine mengi, haraka haraka. Mwishoni Charles anarudi, anagundua kwamba Rosa si bikira, anamwacha. Rosa anajiua.

Jibu la mtihani tunalijua pia: dhamira ni malezi, ukali uliozidi huharibu mtoto. Si jibu baya. Tatizo lake ni kwamba linaishia kwa Zakaria. Linatuambia alichofanya baba, halituambii ni kitu gani hasa kilichoharibika ndani ya binti. Kama ni woga tu, basi Rosa angebaki mwoga, na habaki hivyo. Kama ni uasi, basi angejua anamwasi nani, na sehemu kubwa ya kitabu hajui.

Nasema kilichoharibika ni uwezo wake wa kutambua. Fikiria mtoto wa kawaida anavyojifunza watu. Anapokea barua ya kitoto, anaijibu au haijibu. Anasimama na mvulana kisimani kwa dakika tano, anaona yule anayesikiliza na yule anayesubiri tu zamu yake ya kusema. Anadanganywa jambo dogo, analia siku mbili, anapona. Mwezi ujao sauti ikiwa na ladha ileile, kitu kinamgusa tumboni. Hivyo ndivyo kidole gumba kinavyosomeshwa. Barua ya Charles ingeweza kuwa darasa la kwanza la Rosa, darasa la bei nafuu kabisa. Zakaria alilifunga kwa fimbo. Na tazama alichomfundisha badala yake: kwamba wanaume wote ni hatari moja, isiyo na daraja wala alama. Mtu aliyefundishwa kuogopa kila kitu kwa kiasi kilekile hana machale. Ana kengele inayolia mchana kutwa, na kengele inayolia mchana kutwa mwishowe hukatwa waya.

Deogratias anapomjia, ndani ya Rosa hakuna cha kumlinganisha naye. Hakuna mvulana wa kisimani, hakuna uongo mdogo wa zamani. Ni kama yule zimamoto angeingia jikoni akiwa hajawahi kuona moto. Sakafu ina joto, kuna ukimya usio wa kawaida, naye hajui kwamba sakafu huwa haina joto.

Hapo nampa Kezilahabi haki yake yote. Lakini nina ugomvi naye pia, na ndio ulionifanya niandike. Msimulizi wa Rosa Mistika anamwona Zakaria kwa undani: hasira yake, pombe yake, aibu yake ya mwalimu aliyeanguka. Rosa anamwona zaidi kwa nje. Kati ya msichana anayemwogopa kila mtu na msichana asiyemwogopa yeyote kuna safari, na riwaya inaipita kwa mwendo wa basi lisilosimama vituoni. Nilitafuta ile nukta ambapo Rosa anasita: mguu mlangoni, kitu kinachomwambia subiri. Katika maisha nukta hiyo ipo karibu kila mara, hata kwa asiyejua kuisoma. Kezilahabi hakai nayo. Musiba anampa mwanamume wake kurasa nzima za kuhisi, mwanamke wa Kezilahabi anapewa matokeo. Na sisi wasomaji tumeyazoea mambo hayo kiasi kwamba tunamwita Gamba hodari na Rosa malaya, wakati mmoja alisomeshwa kwa siri na mwandishi wake, mwingine akanyimwa shule.

Kuna anayesoma hapa na kusema, basi binti, fuata moyo wako, yaishe. Hapana. Mkoa huu wa Arusha una kumbukumbu ya kutosha kuhusu mioyo inayotuma. Mwaka 2011, Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila, Babu wa Loliondo, alisema ameoteshwa dawa, na kwa kikombe cha shilingi 500 watu wakamiminika kijijini Samunge kutoka kila pembe ya nchi na nje yake. Magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi. Walikuja wenye kisukari, wenye VVU, wenye saratani, na kuna waliofia njiani. Mioyo yao iliwatuma, sina shaka nayo hiyo. Ukisoma sharti la Kahneman na Klein unaona pale palipokuwa na ufa. Aliyekunywa alirudi akiwa amechangamka, amekutana na matumaini, na wiki hiyo akajisikia mzima. Jibu la kweli la kikombe lilihitaji miezi, na lilifika nyumbani kwa kila mtu peke yake, bila foleni. Kidole gumba hakiwezi kusoma tunda ambalo huiva baada ya mwaka. Na zaidi ya hapo, waliokuwa kwenye foleni ile walikuwa na sababu nzito ya kutaka liwe kweli. Kutaka na kutambua hukaa kifuani mahali pamoja na hutumia sauti inayofanana sana. Njia ninayoijua ya kuzitofautisha ni ya kijinga lakini inasaidia: kutaka hukuharakisha na huwa na hotuba ndefu, kutambua mara nyingi ni kitu kidogo, kikavu, kisichokufurahisha.

Hofu nayo ina sauti hiyohiyo. Usukumani, ng'ambo ya ziwa lilelile la Rosa, bibi vizee wameuawa kwa sababu macho yao mekundu yaliwafanya majirani wahisi uchawi. Macho yalikuwa mekundu kwa miaka ya moshi wa jikoni. Aliyehisi vibaya hakupata kujua kwamba alikosea, kwa kuwa aliyeweza kumwonyesha kosa lake alikuwa amekufa. Hisia isiyopata majibu haijifunzi kamwe, inanenepa tu.

Kwa hiyo swali si kama tuziamini hisia zetu. Swali ni zinaruhusiwa kufanya nini. Na jibu bora nililolikuta halimo kwa Musiba wala kwa Klein. Limo katika ngano ambayo wengi wetu tulisimuliwa kabla ya kujua kusoma, ile ya Sungura na nyumba yake. George Bateman aliichapisha kwa Kiingereza mwaka 1901 katika mkusanyiko wa ngano za Zanzibar, lakini bibi yako hakuhitaji Bateman. Simba amejificha ndani. Sungura anarudi, anafika karibu, kitu hakiko sawa. Haingii. Hakimbii pia. Anasimama kwa mbali na kuisalimu nyumba. Kimya. Anasalimu tena. Kimya. Kisha anashangaa kwa sauti: kila siku nikiisalimu nyumba yangu huniitikia, leo ina nini? Simba, asitake kuharibu mtego, anaitikia. Sungura anacheka na kutokomea porini.

Sijui mafunzo mengine ya machale yaliyokamilika kiasi hiki, na tumeyaacha kwa watoto. Sungura anahisi, lakini hisia yake anaipa kazi ndogo tu: kumsimamisha nje. Halafu anaijaribu kwa gharama ya salamu tatu. Angekosea, angepoteza nini? Angeonekana mjinga mbele ya nyumba tupu. Na jibu linapokuja, haingii ndani kumthibitishia Simba kwamba amemgundua, haiti mkutano, hadai haki ya kumwadhibu. Anaondoka. Ushahidi alioupata ungemchekesha hakimu yeyote, ila unatosha kabisa kwa miguu.

Hapo ndipo uhakiki huu unapogusa maisha ya watu ninaosoma nao. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, inaitambua rushwa ya ngono kuwa kosa. Ni sheria nzuri, na kama sheria zote inaanza kufanya kazi pale panapokuwa na kitu cha kuonyesha: ujumbe, shahidi, ombi lililotamkwa. Lakini kila mwanafunzi wa kike niliyezungumza naye juu ya jambo hili anajua kwamba kuna kipindi kabla ya hapo. Ofisi ambayo mlango wake hufungwa polepole. Simu ya saa nne usiku kuhusu marejeo ya sura ya pili. Sifa zinazozidi ubora wa kazi. Hakuna hata kimoja cha kupeleka mahali popote, na kwa haki hakipaswi kutosha kumhukumu mtu, kwa kuwa tumeona macho mekundu yaliwafanyia nini wale bibi. Bado kinatosha kusema, "Mwalimu, naomba tukutane maktaba," na kusikiliza nyumba itaitikaje. Mtu asiye na nia mbaya huja maktaba.

Msichana anayeweza kufanya hivyo ameruhusiwa mambo mawili ambayo Rosa hakuruhusiwa. Ameruhusiwa kuona watu wengi kidogo kidogo, na ameruhusiwa kusita bila kudaiwa sababu. La pili ndilo gumu kwetu. Tunawalea mabinti wawe na heshima, na heshima tumeielewa kuwa ni kutomfanya mkubwa ajisikie ameshukiwa. Shikamoo inatolewa hata pale mwili mzima unaporudi nyuma. Sisemi iachwe. Sungura naye aliamkia. Ila aliamkia akiwa nje.

Nimekuwa nikifikiria namna ya kuifundisha riwaya ya Kezilahabi siku nitakapokuwa na darasa langu, kwa maana nyingi za ajira zetu zitaishia shuleni, tasnifu au bila tasnifu. Sitaki tena kuuliza, "Jadili dhamira ya malezi katika Rosa Mistika." Wanafunzi wana jibu lake hata kabla hawajakigusa kitabu. Ningewapa nakala na penseli, wasome sura za shule ya bweni hadi Deogratias, waweke alama pembeni kila mahali ambapo, kwa maoni yao, Rosa anasita au angesita kama msimulizi angesimama kidogo. Watabishana, kwa sababu wengine wataona alama kumi na wengine hawataona hata moja, na nashuku kwamba wavulana na wasichana hawataweka alama mahali pamoja. Kisha wachague alama moja waiandike upya, ukurasa mmoja tu, Rosa akiwa bado nje ya mlango: anasikia nini, anaita nini, nani anaitikia, na kama akigeuka kuondoka, ni nani pale Namagondo ambaye hatamuuliza kwa nini.